Kusoma Kiyunani cha kale mwenyewe: pa kuanzia, na kwa nini kinatuhusu

Maelezo ya zamani zaidi yanayojulikana ya mtu aliyeifahamu pwani ya Tanzania kwa karibu hayakuandikwa kwa Kiswahili, wala Kiarabu, wala Kiingereza. Yaliandikwa kwa Kiyunani, miaka karibu 2,000 iliyopita. Yanataja majahazi yetu, mitego yetu ya samaki, bidhaa zilizoshushwa pwani na watu waliokuwa wakiishi hapa. Lakini sisi wenyewe huyapata kwa mkono wa pili au wa tatu: mtu wa Ulaya ametafsiri, mwingine ameeleza, na mwalimu ametufupishia darasani.

Makala haya yanaeleza jinsi msikilizaji mwenye simu, popote alipo, anavyoweza kuanza kuyasoma maandishi ya Wayunani wa kale bila kumtegemea mfasiri kwa kila jambo. Pia yanaeleza hasara tunayoipata tusipofanya hivyo.

Kwa ufupi:

- Herufi za Kiyunani ni 24, na zinajifunzika kwa wiki mbili.
- Anayejua Kiswahili vizuri ana faida kadhaa ambazo Mwingereza hana.
- Kamusi na vitabu vingi vya zamani vinapatikana bure kwenye intaneti.
- Vitabu vingi vya kujifunzia viko kwa Kiingereza, hivyo Kiingereza cha kiasi cha sekondari kinahitajika.
- Kazi kubwa kuliko kutafsiri maneno ni kujua lini mfasiri anasema kilichoandikwa, na lini anakisia.

Kitabu chenyewe ni kipi?

Kinaitwa Periplus ya Bahari ya Erythra. Neno periplus lina sehemu mbili: peri, yaani kuzunguka, na plous, yaani safari ya chombo cha majini. Ni kitabu cha mwongozo wa mabaharia na wafanyabiashara. Erythra maana yake ni nyekundu, na nchi jirani ya Eritrea imepata jina lake hapo hapo. Lakini kwa Wayunani, "Bahari Nyekundu" ilikuwa pana kuliko tunavyoijua leo. Ilijumuisha Bahari ya Hindi, mpaka pwani yetu.

Mwandishi hakuacha jina lake. Anavyoandika inaonyesha alikuwa mfanyabiashara mwenye kusema Kiyunani aliyeishi Misri, katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Kitabu kimegawanywa katika sura fupi 66, na nyingine hazizidi urefu wa ujumbe mrefu wa simu. Sura ya 15 hadi ya 18 zinahusu Azania, jina alilolitumia kwa pwani ya Afrika Mashariki.

Nakala ya zamani iliyobaki ni muswada wa mkono wa karne ya 10, uliopo Heidelberg, Ujerumani. Nakala nyingine iliyopo London ilitokana na hiyo. Kwa hiyo karibu kila tunachokijua kutoka katika kitabu hiki kimepita katika mkono wa mnakili mmoja, aliyeandika miaka mia tisa hivi baada ya mwandishi mwenyewe, kuhusu pwani ambayo haielekei aliwahi kuiona. Jambo hili litakuwa na uzito mkubwa hapo mbele.

Kinasema nini kuhusu pwani yetu?

Mwandishi anasafiri kutoka Pembe ya Afrika akielekea kusini. Anafika kwenye kisiwa anachokiita Menouthias. Anasema kiko mbali na bara kwa kipimo cha stadia 300, ambazo ni kama kilomita 55. Ni kisiwa cha nchi tambarare chenye miti, kina mito, ndege wa aina nyingi na kobe. Kuna mamba, lakini hawawadhuru watu.

Watu wa kisiwa hicho wana vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na mitumbwi ya gogo moja iliyochongwa. Wanavua samaki na kasa. Badala ya nyavu, wanatumia vikapu vilivyosukwa, ambavyo huvitega kwenye mikondo ya maji. Wafasiri wa Ulaya wanaandika tu "vikapu". Mvuvi wa Mafia, Pemba au Bagamoyo hahitaji kuelezwa zaidi, maana atasema papo hapo: hilo ni dema.

Kutoka hapo, baada ya mwendo wa siku mbili, kuna soko la mwisho la Azania. Linaitwa Rhapta. Mwandishi mwenyewe anaeleza asili ya jina: linatokana na vyombo vilivyoshonwa. Kwa Kiyunani, rhapto ni "nashona". Anayekumbuka mtepe, chombo cha pwani kilichofungwa mbao zake kwa kamba za nazi bila misumari, ataona mara moja kinachozungumzwa.

Orodha ya bidhaa inavutia zaidi. Vilivyoingia Rhapta na sehemu za jirani ni mikuki iliyotengenezwa Mouza, bandari ya Yemen, pamoja na mashoka, visu vidogo, misharasi ya kutobolea ngozi, na shanga za vioo za aina mbalimbali. Vilivyotoka ni pembe za ndovu kwa wingi, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Ukiisoma orodha hiyo huku unafahamu maduka ya jumla ya Kariakoo, huoni ugeni wowote. Vifaa vya chuma na urembo vinashuka kutoka ng'ambo na kusambazwa bara, na mazao ya nchi yanapanda melini. Bidhaa zimebadilika, lakini biashara yenyewe ina sura ile ile.

Halafu mwandishi anasema jambo ambalo wanahistoria wanalinukuu sana: manahodha na mabaharia Waarabu waliotumwa huku walikuwa wakioana na wenyeji, na walifahamu lugha yao.

Neno moja, mababu wa namna mbili

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Katika sura ya 16, mwandishi anawaeleza wakazi wa pwani hii. Anasema ni watu wenye miili mikubwa sana, na kila mahali pana mkuu wake. Kisha kuna neno moja linaloeleza ni watu wa aina gani.

Wilfred Schoff, aliyetafsiri kitabu hiki Marekani mwaka 1912, aliwaita watu wenye tabia ya uharamia wa baharini. Lionel Casson, aliyetoa tafsiri yake Marekani mwaka 1989, aliwaita wakulima wa ardhi.

Maharamia au wakulima? Hizi si tofauti za mtindo wa lugha. Kitabu ni kile kile, sura ile ile, mstari ule ule. Kilichotokea ni kwamba neno lililoandikwa kwenye muswada halikai vizuri ndani ya sentensi. Wahariri wakaona mnakili amekosea, wakalisahihisha kwa kukisia. Mmoja akabadili herufi chache, likawa neno la Kiyunani peiratai, yaani maharamia, ambalo ndilo lililozaa neno la Kiingereza la maharamia. Mwingine akabadili herufi chache kwa namna nyingine, likawa neno la watu wanaolima.

Fikiria kwa miaka mingapi wanafunzi wa Afrika Mashariki wamekuwa wakisoma, kwa tafsiri ya Schoff au vitabu vilivyomfuata, kwamba watu wa kwanza wa pwani hii kuandikwa katika historia walikuwa maharamia. Hakuna aliyewaambia kwamba neno hilo lilikuwa makisio ya mhariri. Anayesoma tafsiri peke yake hawezi kujua. Anayeweza kufungua maandishi ya Kiyunani, hata kwa kusuasua na kamusi mkononi, ataona alama ya mhariri na maelezo chini ya ukurasa, naye atauliza.

Hiyo ndiyo faida ya kusoma mwenyewe. Huhitaji kuwa profesa. Inatosha uweze kuinua mkono na kusema: hapo, nionyeshe.

Je, Kiyunani na Kigiriki ni kitu kimoja?

Ndiyo. Kiyunani ni jina lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, na ndilo linalotumika kwenye Biblia ya Kiswahili. Kigiriki limetufikia kupitia lugha za Ulaya. Watu wengi hutumia Kiyunani kwa lugha ya kale, na Kigiriki kwa ile inayosemwa Ugiriki leo, lakini si sheria. Lugha ya leo ni mjukuu wa ile ya kale: inafanana nayo, lakini anayejua moja hawezi kusoma nyingine bila kujifunza.

Na kabla hujaanza, tayari unayo maneno ya Kiyunani kinywani. Mengi yalipita kwa Waarabu kabla ya kufika kwetu:

- Kalamu, kutoka kalamos, yaani unyasi au mwanzi wa kuandikia.
- Karatasi, kutoka khartes, yaani ukurasa wa mafunjo.
- Falsafa, kutoka philosophia: philo ni kupenda, sophia ni hekima.
- Injili, kutoka euangelion, yaani habari njema.
- Askofu, kutoka episkopos, yaani mwangalizi.
- Almasi, kutoka adamas, yaani kisichoshindika.
- Fanusi, kutoka phanos, yaani taa.

Mengine yamekuja karibuni kupitia Kiingereza: demokrasia, jiografia, muziki. Ukiyachambua haya moja moja, unakuwa umeshapata mizizi kumi au kumi na tano ya lugha hiyo bila kutoka nje ya Kiswahili.

Herufi: muulize fundi wa redio

Herufi 24 zinatisha kwa mbali tu. Mwanafunzi wa hisabati anazijua alfa, beta, theta na pi. Fundi wa redio anazijua nyingine. Nenda kwa mafundi wa vifaa vya umeme Kariakoo, au kwa fundi wa kijijini kwako, mwombe akuonyeshe mchoro wa mashine. Alama ya Ω inayopima ukinzani wa umeme ni omega, herufi ya mwisho ya Kiyunani. Alama ya μ inayoandikwa kwenye kapasita ni mu, yaani m.

Zipo herufi zinazodanganya macho, na ndizo za kuangalia zaidi. P ya Kiyunani ni sauti r. H kubwa si h, bali ni e ndefu. X ni kh. Herufi ndogo ν inafanana na v, kumbe ni n. Ukishazizoea hizo nne, nyingine hazisumbui. Ziandike kwa mkono kwenye daftari kila siku, herufi mbili asubuhi na mbili jioni, huku ukizitamka kwa sauti. Jiandikie majina ya watu wa nyumbani kwa herufi hizo. Wiki mbili zinatosha.

Sarufi: faida ya Mswahili

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, lakini msemaji wa Kiswahili ana mahali pa kushika.

Kwanza, kitenzi. Kwa Kiingereza lazima utaje mtendaji kwa neno la peke yake. Kwa Kiswahili mtendaji yumo ndani ya kitenzi, kwenye kiambishi awali: ninasema, unasema, anasema. Kiyunani kinafanya hivyo hivyo, ila mtendaji yuko mwishoni: lego ni ninasema, legeis ni unasema, legei ni anasema, legomen ni tunasema, legete ni mnasema, legousi ni wanasema. Neno moja ni sentensi kamili. Ulilolizoea ni lile lile, umebadilishiwa upande tu.

Pili, upatanisho. Tunasema kitabu kizuri, vitabu vizuri, mti mzuri, miti mizuri. Mgeni anayejifunza Kiswahili hutokwa jasho hapo. Kiyunani nacho kinataka kivumishi kifuate jina lake, kwa jinsia na kwa idadi. Wewe akili yako imeshazoea kwamba maneno yanayokwenda pamoja yanavaa sare moja.

Tatu ni jambo geni, na hili lazima ulifanyie kazi. Kwa Kiswahili, "mbwa anamuuma mtu" na "mtu anamuuma mbwa" hutofautishwa na mpangilio wa maneno. Kwa Kiyunani mpangilio uko huru, na mwisho wa jina ndio unaosema nani ametenda na nani ametendwa. Angalia mfano huu: ho kyon daknei ton anthropon, maana yake mbwa anamuuma mtu. Ukigeuza ukasema ton anthropon daknei ho kyon, mbwa bado ndiye anayeuma, maana ho na mwisho wa jina havikubadilika. Ukitaka mtu ndiye amuume mbwa, lazima useme ho anthropos daknei ton kyna.

Makosa mengi ya wanaoanza yanatoka hapo. Wanasoma neno la kwanza wakidhani ndilo mtendaji. Dawa yake ni kutokimbilia maana. Tafuta kitenzi kwanza, uliza nani, halafu uliza nini.

Ratiba inayowezekana kwa mwenye simu

Kwa anayetenga nusu saa kwa siku, mpango huu haumlemei.

Wiki ya 1 na ya 2: herufi na matamshi. Hapa huhitaji bando. Daftari na kalamu vinatosha.

Mwezi wa 1 hadi wa 6: kitabu kimoja cha sarufi, mwanzo hadi mwisho, bila kurukaruka. Vipo vya zamani ambavyo haki miliki yake imekwisha, na vinapatikana bure kwenye tovuti ya Internet Archive. Pakua mara moja ukiwa mahali penye mtandao mzuri, kisha soma bila intaneti.

Mwezi wa 7 hadi wa 9: soma maandishi mepesi ambayo tayari unayajua maana yake. Kwa Mkristo, na hata kwa asiye Mkristo, Agano Jipya ni ngazi nzuri kwa sababu liliandikwa kwa Kiyunani cha kawaida cha watu wa sokoni, na tafsiri yake ya Kiswahili iko kila kijiji. Injili ya Yohana ina maneno machache yanayorudiwarudiwa. Hadithi fupi za Esopo za wanyama ni ngazi nyingine, na anayejua hadithi za sungura na fisi hatapotea.

Kuanzia mwezi wa 10: fungua Periplus, sura ya 15 hadi ya 18, sentensi moja kwa siku. Maandishi ya Kiyunani yamo kwenye mkusanyiko wa Karl Müller wa mwaka 1855, nao uko wazi kwa wote. Tafsiri ya Schoff pia iko wazi. Chuo Kikuu cha Heidelberg kimeweka picha za muswada wenyewe kwenye intaneti bure. Mwandiko wa mkono ni mgumu kwa anayeanza, lakini inatia moyo kujua kwamba ukurasa ule unaobishaniwa na maprofesa unaweza kuufungua ukiwa umekaa chini ya mwembe.

Kwa kamusi, zipo mbili za kukumbuka. Perseus, ya Chuo Kikuu cha Tufts cha Marekani, inakuonyesha neno, mzizi wake na umbo lake. Logeion, ya Chuo Kikuu cha Chicago, inakukusanyia kamusi kadhaa mahali pamoja, ikiwemo ile kubwa ya Liddell na Scott iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1843.

Kama una simu ndogo ya tochi tu, jiunge na wenzako wawili au watatu, na mmoja awe na simu janja. Anayepakua awaandikie wengine sentensi ya wiki kwenye karatasi. Kusoma kwa kikundi ndivyo Wayunani wenyewe walivyozoea: kwao mara nyingi mmoja alisoma kwa sauti na wengine wakasikiliza.

Vitabu na watu wa kuwauliza

Ukifika Dar es Salaam kwa shughuli zako, tenga nusu siku. Kutoka Kariakoo unaweza kwenda kwa miguu, ukapita Mnazi Mmoja, mpaka Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ilifunguliwa mwaka 1967. Uliza vitabu vya historia ya pwani na tafsiri za tamthilia za kale. Mbele kidogo, Mtaa wa Shaaban Robert, iko Makumbusho ya Taifa, ambako utaona historia ya nchi kwa vitu, si kwa maneno tu. Njiani, tupia macho kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza pembezoni mwa barabara mjini. Kamusi ya zamani ya Kiingereza au kitabu cha sarufi hujitokeza pale usipotarajia. Na karatasi ulizopakua kwenye simu unaweza kuzichapisha kwenye steshenari yoyote ya Kariakoo, ukarudi nazo nyumbani.

Lakini msaada wa karibu zaidi huenda uko kijijini kwako. Wachungaji na mapadri wengi walisoma Kiyunani cha Agano Jipya walipokuwa vyuo vya teolojia na seminari. Wengine wamekisahau nusu, na watafurahi mtu akiwaamsha. Sheikh au ustadhi anayejua Kiarabu naye ana la kukufundisha, kwa sababu anajua maana ya kusoma maandishi ya kale kwa nidhamu, na ataitambua njia ambayo maneno kama kalamu na karatasi yalipita.

Kufasiri mwenyewe bila kupotoka

Kusoma bila kumtegemea mtu si ruhusa ya kusema lolote. Anayesoma peke yake ana hatari yake: kuona kwenye kitabu kile anachokitamani. Maswali haya matano yanasaidia.

La kwanza: kimeandikwa nini hasa? Mwandishi anasema mabaharia Waarabu walifahamu lugha ya wenyeji. Hakuitaja jina. Tukisema "basi Kiswahili kilikuwepo tayari," tumeongeza letu.

La pili: neno hili lina maana gani mahali pengine? Mwandishi anasema mvinyo na ngano vilipelekwa sehemu fulani si kwa kuuza, bali kutafuta urafiki wa barbaroi. Mfasiri mmoja anaweza kuandika "washenzi". Lakini kwa Wayunani neno hilo lilimaanisha kwanza mtu asiyesema Kiyunani. Waajemi waliojenga majumba makubwa nao waliitwa hivyo hivyo. Usilibebe tusi ambalo pengine halikukusudiwa, wala usimsafishe mwandishi pale alipodharau kweli. Angalia kila mahali neno lilipotumika, kisha uamue.

La tatu: nani anasema, na anamwambia nani? Huyu ni mfanyabiashara anayewaandikia wafanyabiashara. Anaona bandari, bei na bidhaa. Haoni mashamba ya ndani, wala ngoma, wala mazishi. Kutotajwa si ushahidi kwamba havikuwepo.

La nne: jina limetoka kwa nani? Wenyeji wa Rhapta waliuitaje mji wao? Kitabu hakisemi. Kinatupa jina ambalo Myunani aliliunganisha na kushona. Sisi tunaijua hali hiyo vizuri. Kariakoo limetokana na maneno ya Kiingereza ya kikosi cha wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, yakageuzwa na ulimi wa Kiswahili mpaka yakawa yetu. Msomaji wa miaka elfu mbili ijayo akikuta neno Kariakoo peke yake, atajua kidogo sana kuhusu waliokaa pale.

La tano: tafsiri mbili zinatofautiana wapi? Penye tofauti, kuna jambo. Ndivyo tulivyowapata maharamia waliogeuka wakulima.

Baada ya Periplus

Aliyefika hapo anaweza kuingia kwenye fasihi yenyewe. Kwa Kiswahili ipo tamthilia ya Sofokile, Mfalme Edipode, iliyotafsiriwa na Samuel S. Mushi na kutolewa mwaka 1971. Isome kwanza kwa Kiswahili. Ni habari ya mfalme anayeusaka uovu ulioleta tauni mjini mwake, akajikuta anajisaka mwenyewe. Aliupata ufalme kwa kutegua kitendawili: kiumbe anayetembea kwa miguu minne asubuhi, miwili mchana na mitatu jioni. Jibu ni mtu. Na jina la mfalme kwa Kiyunani linasikika kama "mguu uliovimba". Msikilizaji wa Kiyunani alisikia neno mguu kila jina lilipotajwa. Hilo tafsiri haiwezi kulibeba, na hapo ndipo asili inapolipa.

Zaidi ya hapo kuna Homer, na tenzi zake mbili ndefu, Iliad na Odyssey, kila moja ikiwa na vitabu 24. Waliozighani mbele ya watu waliitwa rhapsodoi, yaani washona nyimbo. Ni mzizi ule ule wa Rhapta. Pwani yetu inawajua watu wa kazi hiyo. Mwaka 1728 uliandikwa Utenzi wa Tambuka, mojawapo ya tenzi za kale zaidi za Kiswahili zilizobaki. Adui anayesimuliwa humo ni Herekali, ambaye ni Heraklio, mfalme wa Warumi wa mashariki waliosema Kiyunani. Wayunani waliandika juu yetu, na sisi tukaja kutunga juu yao.

Rhapta iko wapi?

Wataalamu bado wanabishana. Wapo waliopendekeza maeneo ya karibu na Dar es Salaam. Wengine wanaelekeza delta ya Rufiji, ambako Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitangaza mwaka 1999 kupatikana kwa shanga za zama za Kirumi. Menouthias nayo imedhaniwa kuwa Pemba, Unguja au Mafia.

Katika karne ya pili, mwanajiografia Ptolemy aliuweka mji huo ndani kidogo kutoka baharini, kando ya mto. Mto upi? Hapo mkulima wa Rufiji, mvuvi wa Kilwa na baharia wa Pangani wana ujuzi ambao hauko kwenye maktaba za Ulaya: mto unavyohama njia yake, mikoko inavyofunga mlango wa bahari, pepo za kaskazi na kusi zinavyomsukuma nahodha kwa siku mbili. Kinachokosekana ni mtu mwenye ujuzi huo anayeweza pia kuusoma mstari wa Kiyunani na kuulinganisha na anachokijua. Mtu huyo anaweza kuanza wiki hii, kwa daftari na herufi mbili.